Kidiaba, Fundi wa Langoni

Jioni moja huku Boga, mpira ulipotinga wavuni upande wa pili wa kiwanja, kipa wa timu iliyofunga hakukimbia kwenda kukumbatiana na wenzake. Aliketi vumbini, akanyoosha miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio mpaka akaufikia mstari wa boksi. Watoto waliokaa kando wakapaza sauti kwa pamoja: “Kidiaba! Kidiaba!” Kipa yule ana miaka kama 13. Kidiaba alipotikisa dunia kule Abu Dhabi mwaka 2010, yeye alikuwa hajazaliwa.

Furaha ile imesafiri kutoka Lubumbashi mpaka juu huku, kwenye ukingo wa bonde la Semliki, na inapita kwa watoto kama mchezo wa kurithi. Nafurahi kuiona. Lakini kila ninapoiona nakumbuka kwamba Robert Muteba Kidiaba, aliyekuwa kipa wa TP Mazembe na wa timu yetu ya taifa, alikuwa fundi kwanza, na kwamba ufundi wake tumeusimulia kidogo mno.

Tuanze na lango lenyewe. Upana wake ni mita 7.32, na kutoka chini mpaka mtambaa panya ni mita 2.44. Hiyo ni nafasi ya karibu mita za mraba 18, na anayeilinda ni mtu mmoja mwenye mikono miwili. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira uliopigwa kwa nguvu hufika langoni kabla ya nusu sekunde kuisha. Ukisubiri uone unaelekea wapi, uamue, ndipo uruke, utaokota mpira wavuni. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kipa hufanyika kabla mpira haujapigwa, wakati watazamaji wote wanamwangalia mwenye mpira.

Mtazame kipa aliyeiva mpira unapozunguka mbele ya boksi lake. Hatulii mahali pamoja. Ukienda kulia, naye anasogea hatua mbili fupi kulia. Ukirudi katikati, naye anarudi. Anatafuta mstari unaotoka kwenye mpira na kupita katikati ya milingoti miwili, ili mshambuliaji akiinua macho aone nafasi sawa kila upande, zote ndogo. Mshambuliaji akibaki peke yake naye, kipa anatoka kumfuata, maana kila hatua anayosogea mbele inalipunguza lango nyuma yake. Kisha mguu wa mpigaji unaponyanyuka, kipa anasimama. Nyayo zote mbili ziko chini, magoti yamekunjwa kidogo, mikono iko mbele. Anayenaswa akiwa bado anatembea hawezi kuruka upande wowote.

Baada ya hapo huja mikono. Vidole gumba hukaribiana nyuma ya mpira, vingine vinatanuka, na kifua hukaa nyuma ya mikono kama ukuta wa pili. Kipa anayetema mpira miguuni pa mshambuliaji ameokoa mara moja na kufungwa mara ya pili. Asipoweza kuudaka huupangua pembeni, mbali na katikati. Juu ya yote kuna sauti. Mabeki wanautazama mpira, na mara nyingi hawamwoni adui anayewapita mgongoni. Kipa ndiye anayeona kiwanja chote. Asiyesema na mabeki wake atakuwa na kazi nyingi jioni nzima. Anayesema vizuri huenda akamaliza mechi bila kuchafua jezi, na watu wakadhani hakufanya lolote.

Kidiaba, aliyezaliwa tarehe 1 Februari 1976, alijiunga na TP Mazembe mwaka 2002. Klabu ile ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, na ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ikiitwa Englebert. Kisha ukame wa miongo minne. Ukame huo ulipokwisha, mwaka 2009 na tena 2010, langoni alisimama Kidiaba.

Desemba 2010 Mazembe wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Tangu mashindano hayo yaanze, hakuna fainali iliyowahi kuwa na timu ya nje ya Ulaya na Amerika Kusini. Mazembe waliwafunga Pachuca wa Mexico 1–0. Tarehe 14 Desemba wakakutana na Internacional ya Brazili, mabingwa wa bara lao. Wabrazili walishambulia na Kidiaba akaendelea kuokoa, mpaka Kabangu alipofunga dakika ya 53 na Kaluyituka dakika ya 85. Kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ikaingia fainali. Siku hiyo dunia nzima ilimwona kipa wa Kikongo akiruka kwa makalio katika boksi lake, ikacheka.

Mimi naona kuna jambo la kufikiri katika kicheko kile. Goli likifungwa, wachezaji kumi wanarundikana kwenye kona ya mbali, na kipa yuko karibu mita 100 kutoka hapo. Furaha ya timu yake daima iko upande wa pili wa kiwanja, na akiifuata mpaka kule ataliacha lango tupu. Kidiaba alijitengenezea furaha ya mtu asiyeondoka kazini. Aliketi palepale alipokuwa akifanya kazi, akasherehekea peke yake, akasimama tena akiwa tayari. Jaribu mwenyewe kuruka vile mara tano, utajua misuli ya tumbo na mapaja inayotakiwa. Hata mzaha wake ulitoka kwenye mazoezi.

Fainali waliipoteza tarehe 18 Desemba. Inter Milan walifunga kupitia Pandev dakika ya 13 na Eto’o dakika ya 17. Kipa dhaifu wa moyo angefungwa matano au sita usiku ule. Lakini baada ya Eto’o, lango la Mazembe halikuguswa tena mpaka dakika ya 85, Biabiany alipofunga la tatu. Hizo ni dakika 68 mbele ya mabingwa wa Ulaya, huku matokeo yakiwa tayari yanauma. Ukitaka kupima kipa, mpime katika dakika zinazofuata baada ya kufungwa.

Alipimwa hivyo tena mwaka 2015, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Guinea ya Ikweta. Katika robo fainali kule Bata, tarehe 31 Januari, majirani zetu wa Kongo-Brazzaville walitangulia kwa mabao mawili. Kidiaba hakufungwa la tatu, wenzake wakarudisha na kupita, mechi ikaisha 4–2. Kesho yake alitimiza miaka 39. Wiki moja baadaye Kongo yetu ilipata nafasi ya tatu kwa mikwaju ya penalti dhidi ya wenyeji, na baada ya hapo akaiaga timu ya taifa.

Mwaka uleule Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Katika tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2015 anayecheza ndani ya Afrika, mshindi alikuwa Mtanzania Mbwana Samatta, mwenzake wa Mazembe, na wa pili akawa Kidiaba. Mshambuliaji kijana akaondoka kwenda Genk. Kipa wa miaka 39 alikuwa amefika pale bila kuwahi kupita Ulaya. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, na Kidiaba ameishi methali hiyo neno kwa neno.

Hata baada ya kuvua glavu alibaki nyumbani. Mazembe walimpa kazi ya kuwafundisha makipa, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 akaingia pia katika bunge la mkoa wa Haut-Katanga. Watu hulizungumzia zaidi hilo la bunge. Mimi naliheshimu zaidi hilo la kwanza. Kufundisha kipa ni kazi ya uvumilivu isiyo na makofi: kurusha mpira uleule mara 50 upande wa kushoto, kusahihisha mguu mmoja uliochelewa, kisha kuanza tena kesho asubuhi. Ufundi ambao mwenye nao hakumwachia mtu, huzikwa naye.

Namrudia kijana wetu wa Boga. Hapa tumepitia mengi. Mwishoni mwa Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa katika usiku mmoja Boga na Tchabi, na familia nyingi zikakimbia. Kiwanja kinapojaa tena watoto, hiyo peke yake ni habari njema. Lakini nimeona desturi moja inayoniuma: anayetupwa langoni ni mdogo kuliko wote, au asiyejua mpira, au aliyekosea, kana kwamba lango ni adhabu. Hafundishwi pa kusimama. Akifungwa, anatukanwa.

Ninawaomba walimu, makocha na kaka wakubwa wa viwanja vyetu, hapa Boga, Bunia na kila mahali, wachague kipa wao kwa heshima kama wanavyomchagua mfungaji. Mpeni nusu saa yake ya mazoezi peke yake. Mwonyesheni mstari wa katikati ya milingoti, hatua fupi, nyayo zilizotulia, na sauti ya kuwaongoza mabeki. Kuruka kwa makalio tayari anakujua. Mfundisheni na yale mengine aliyoyajua Kidiaba.