Sauti ya Kuazima: Led Zeppelin II Ikisikilizwa Doha

Wimbo wa mwisho wa albamu ya Led Zeppelin II, "Bring It On Home", huanza kwa uigizaji. Robert Plant, Mwingereza ambaye albamu ilipotoka Oktoba 1969 alikuwa ndio kwanza ametimiza miaka 21, anaibana sauti, anayaburura maneno na kupuliza kinanda cha mdomo, hata ungedhani anayeimba ni mzee Mweusi wa Mississippi. Mzee huyo hakuwa wa kubuni. Sonny Boy Williamson aliurekodi wimbo huo mwaka 1963, na mtunzi wake ni Willie Dixon. Kisha gitaa la Jimmy Page linapasuka, ngoma za John Bonham zinaingia kwa kishindo, na Plant anaiacha sauti ya kuazima na kuirudia yake.

Hapo ndipo uhakiki wa albamu hii unapaswa kuanzia. Kusema tu kwamba vijana wale waliiba ni rahisi mno, na hakuelezi kwa nini muziki huu bado unasisimua. Katika "Whole Lotta Love" lile gitaa linalosaga pigo moja bila kuchoka ni la Page, na ile fujo ya katikati, sauti zikizunguka kama upepo ndani ya pango, haimo katika bluzi yoyote iliyotangulia. Lakini sehemu kubwa ya maneno imetoka katika "You Need Love", utungo wa Dixon ulioimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Lebo ya santuri ilitaja wanabendi wanne tu. Dixon alishtaki mwaka 1985, wakapatana mwaka 1987, na jina lake likawekwa katika matoleo ya baadaye. Howlin' Wolf naye, kwa jina lake halisi la Chester Burnett, alikuja kutambuliwa katika "The Lemon Song", iliyochota kwenye "Killing Floor" yake.

Haki hiyo, ingawa ilichelewa, ilitegemea jambo moja: palikuwa na maandishi. Palikuwa na santuri ya kwanza, lebo, jina na tarehe, kwa hiyo mlalamikaji alikuwa na cha kushika mkononi.

Nimeirudia albamu hii Doha baada ya kuzuru Nyumba ya Bin Jelmood, mtaani Msheireb. Jumba hilo la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2015, linasimulia habari za utumwa katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi, na katika Qatar yenyewe, ambako utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1952. Miongoni mwa waliotumikishwa katika uzamiaji wa lulu walikuwamo watu waliovushwa kutoka pwani yetu. Ngoma yao ingali hai huku Ghuba. Ni leiwa, ambayo huchezwa kwa duara, zumari ikiongoza na ngoma kubwa zikijibu, na nyimbo zake zimebeba maneno ya Kiswahili ambayo wengi wa waimbaji wa leo hawayaelewi tena. Anayetoka Lamu au Unguja husikia neno moja la nyumbani likielea katikati ya Kiarabu, kisha likapotea.

Bluzi na leiwa zimezaliwa na watu waliopitia dhiki inayofanana, kila moja kwenye bahari yake. Tofauti inayonikera ni ya kumbukumbu. Dixon aliishi kuliona jina lake. Aliyetunga ubeti wa leiwa hana lebo, hana santuri ya kwanza, wala hakuna wa kumshtaki, kwa kuwa hakuna bendi iliyomwibia. Jina lake lilikwishapotea kabla ya wimbo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, jina la mwanamke aliyetoka katika ukoo wa watumwa liliingia katika historia ya santuri. Wenzake waliofikishwa Ghuba hawakupata fursa hiyo.

Kwa sababu hiyo sasa namsikiliza Plant kwa sikio jingine. Kelele za bendi zinapokwisha, wimbo haumalizikii kwenye gitaa. Unarejea taratibu ulikoanzia, kwenye kinanda cha mdomo na ile sauti iliyobanwa, ya mzee ambaye jina lake, angalau, tunalijua.