Wazimu wa Kubuni na Ugonjwa Halisi: Je, Matuko Weye Ana Bipola?

Makala haya yanaangalia kosa ambalo limezidi kujitokeza katika insha za fasihi tunazosahihisha. Zamani mtahiniwa aliyeulizwa juu ya Matuko Weye katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012, angeandika tu kuwa ni mwendawazimu anayetumiwa na mwandishi kuukashifu uongozi mbaya, akapata alama zake. Siku hizi anaongeza kuwa mhusika huyu ana 'bipola', kwa kuwa amelisikia neno hilo redioni au kwa wenzake. Mwalimu naye hajui aweke vema au kosa. Yamkini wengi wetu tumeweka vema ili tusonge mbele.

Kabla ya kutoa hukumu, yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Bipola ni ugonjwa wa hisia wenye ncha mbili. Ncha ya juu huitwa mania. Kwa muda wa wiki moja au zaidi mgonjwa huwa amechangamka kupita kiasi au amekuwa mkali kupita kiasi. Hulala saa mbili au tatu na asihisi uchovu. Husema kwa kasi, mawazo yakirukaruka. Hutapanya pesa, huanzisha miradi kumi kwa siku moja, na pengine huamini kuwa ametumwa na Mungu kuiokoa nchi. Ipo pia hali iliyo nyepesi kuliko hiyo, ya siku nne au zaidi, ambayo majirani huweza hata kuisifu wakidhani ni bidii ya kazi. Ncha ya chini ni sonona (kumbuka kitenzi sononeka): wiki mbili au zaidi za huzuni au za kutoonja utamu wa chochote, usingizi ukiwa haba au mwingi mno, mwili mzito, na mara nyingine fikira za kujiua. Baina ya ncha hizi mgonjwa hurejea katika hali yake. Anaweza kukaa miezi au hata miaka akiwa mzima, akifundisha, akilima, akilea.

Huko kurejea ndiko kunakomtenga mgonjwa wa bipola na mwendawazimu wa riwaya zetu. Mwendawazimu wa kubuni hana jana wala kesho. Matuko Weye anatambulishwa kwetu kama mwanajeshi wa zamani aliyepigana Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na tangu tunapokutana naye kazi yake ni moja: kumwambia Mtemi Nasaba Bora hadharani yale ambayo wenye akili timamu wa Sokomoko wanayanong'ona. Hapo ndipo penye kinaya, na Walibora amefanikiwa sana, kwani wazimu unakuwa leseni ya kusema kweli. Lakini leseni hiyo haiwezi kuisha muda wake. Laiti Matuko angepona katika sura ya tano, nani angesema? Ni mhusika bapa kwa sababu tashtiti inamtaka awe bapa. Hatumwoni akipanda, hatumwoni akizama, hatumwoni akirejea. Basi anayeandika kuwa ana bipola hana ushahidi wa matini, na hafai kupewa alama ya hoja hiyo. Akitaja athari za vita katika akili ya askari atakuwa karibu zaidi na matini.

Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974, ni kesi ngumu zaidi. Hapa tuna kukata tamaa kwa kweli, kunakosimuliwa na mhusika mwenyewe katika nafsi ya kwanza hadi anapojiua. Wahakiki wengi wamekuweka kukata tamaa huko chini ya udhanaishi, na sina ugomvi nao. Ila msomaji anayetaka kutumia nadharia ya kisaikolojia ana haki ya kuuliza kama falsafa ile ya Kazimoto haikuchanganyika na sonona. Kuuliza si kuthibitisha. Hata tukikubali kuwa ni sonona, bado si bipola, kwani mania sijaiona humo. Vivyo hivyo kwa Samueli wa 'Mtihani wa Maisha' katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba. Anayekimbilia bwawani kujitosa kwa aibu ya matokeo ya mtihani yuko katika dharura, na dharura ya saa chache si kipindi cha ugonjwa. (Mwalimu anayefundisha hadithi hiyo aongeze kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka katiba.)

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha yetu inaujua ugonjwa huu kuliko vitabu vyetu. Maneno kama kichaa, mwehu na majununi yanamgandisha mtu katika hali moja. Lakini sikiliza misemo: 'kupandwa na wazimu', 'wazimu umemshika'. Kinachopanda hushuka, na kinachoshika huachilia.

Nilikuwa nikisoma kwa sauti sehemu ya Matuko Weye katika Kidato cha Tatu, darasa zima likicheka, nami nikicheka. Msichana mmoja hakucheka. Baadaye alinijia na kitabu mkononi akauliza, 'Mwalimu, huyu hapati nafuu hata ukurasa mmoja?' Mama yake, akaniambia, hupata. Humeza dawa, na anapokuwa mzima ndiye anayemsahihishia insha zake.

Swali lake limenikaa kuliko maswali mengi ya mitihani, kwa sababu ni swali la uhakiki hasa. Matibabu ni sehemu ya msuko ambayo hadithi zetu hazijaiandika. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alichapisha habari za wagonjwa wa mania waliopata nafuu kwa chumvi ya lithiamu, na hadi leo dawa hiyo inatumika, ingawa damu lazima ipimwe mara kwa mara kwani kipimo kinachotibu na kinachodhuru vinakaribiana. Zipo nyingine, kama vile kwetiapini. Dawa za sonona zikitolewa peke yake huweza kumrusha mgonjwa hadi kwenye mania. Usingizi wa saa zilezile na mazungumzo na mshauri husaidia. Na ipo hatari ambayo mtunzi yeyote angeitamani: mgonjwa anapojihisi mzima huacha dawa, kwa kuwa haoni tena sababu ya kuzimeza, naye huanza kupanda tena. Aidha, ugonjwa huu mara nyingi huanza katika miaka ya mwisho ya ujana au ya ishirini na kitu, yaani umri wa watahiniwa wetu na kaka zao.

Katika mtihani wa muhula uliofuata nilitunga swali hili: 'Mwandishi angepoteza nini, na angepata nini, lau Matuko Weye angepata nafuu katikati ya riwaya? Jadili.' Wengi waliandika kuwa dhihaka ingepotea, wakanukuu vizuri. Wachache waliandika kuwa Mtemi angeogopa zaidi, kwa kuwa mzima asemaye kweli hawezi kupuuzwa. Hao niliwapa alama zote.