Barua Mbili Zinazotia Matumaini

Wakristu wengi wa huku kwetu hupenda vitabu vidogo vya dini. Tunaviweka karibu na kitanda, na vita ikija tunavifunga ndani ya nguo pamoja na rozari, tukakimbia navyo. Ni desturi njema. Lakini si kila andishi lenye jina la Mungu hulisha roho. Mengine hufariji kama pombe: kwa saa moja unasahau, kesho yake uchungu ni ule ule. Mengine hufariji kama dawa: ni machungu mdomoni, lakini baada ya siku chache mgonjwa anaamka.

Leo twataka kupima barua mbili zilizoandikwa na watumishi wa Mungu kwa ajili ya haki kati ya watu wa rangi mbalimbali na wa kabila mbalimbali. Kipimo chetu ni kimoja. Twauliza hivi: je, mwandishi ataja pia dhambi ya nyumba yake mwenyewe, ama ya jirani tu?

Barua ya kwanza iliandikwa Marekani mwaka 1963, katika mji wa Birmingham. Mwandishi ni Martin Luther King, mchungaji mweusi wa Kiprotestanti. Wakati ule watu weusi wa mji ule hawakuruhusiwa kuketi na Wazungu hotelini, wala kusoma nao katika shule moja. King aliongoza watu waandamane bila kupiga mtu, akakamatwa tarehe 12 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu. Na tazama: siku moja tu kabla yake, Alhamisi Kuu, Baba Mtakatifu Yohane wa 23 alikuwa ametoa waraka wake juu ya amani, *Pacem in Terris*, akifundisha kwamba kubagua watu kwa ajili ya rangi hakuna haki yoyote. Roma na gereza la Birmingham hawakupatana kabla, lakini walisema neno moja.

Gerezani King alisoma katika gazeti kwamba viongozi wanane wa dini, Wazungu wote, wanawaomba watu weusi watulie na kungoja. Akaanza kuwajibu kwa kuandika pembeni mwa karatasi za gazeti lile. Sisi Wakatoliki tutafurahi kuona kwamba alimwita Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Thoma wa Akwino kuwa mashahidi wake, ili aonyeshe kwamba sheria isiyo na haki si sheria ya kweli. Lakini tusifurahi upesi. Mmoja wa wale wanane alikuwa Askofu wetu mkatoliki, Joseph Durick.

Hapo ndipo tunaona nguvu ya barua ile. King hakuwaandikia wale waliowapiga watu kwa mbwa na kwa maji. Aliwaandikia watumishi wenzake wa Mungu, watu wema, waliopenda utulivu kuliko haki. Aliwaambia bila matusi kwamba kunyamaza kwao kunaumiza. Anakemea kama ndugu, kwa sababu anaipenda Kanisa anayoisema. Matunda yakaonekana. Askofu Durick alibadilika. Baadaye, akiwa Askofu katika jimbo la Nashville, alisimama wazi upande wa haki za watu weusi.

Barua hii ina shida moja kwa msomaji wa kwetu. King aliandika katika nchi yenye mahakama, na alijua kwamba siku moja sheria mbaya yaweza kufutwa. Mkristu wa Masisi atauliza: na pale ambapo bunduki ndiyo sheria, tufanye nini? King hakujibu swali hilo, maana halikuwa lake. Kwa hiyo tufungue barua ya pili.

Hiyo iliandikwa Bukavu na Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, mzaliwa wa upande wa Butembo, kwa ajili ya Noeli ya mwaka 1999. Miaka mitatu mbele yake, tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikuwa ameuawa katika mji ule ule kwa sababu hakukubali kunyamaza, hata juu ya mateso ya wakimbizi wa Rwanda. Kataliko alijua basi kiti anachokalia ni kiti cha namna gani. Hata hivyo aliandika wazi kwamba watu wa nje, wakisaidiwa na ndugu zetu wengine, wanafanya vita kwa mali ya nchi yetu. Wakubwa wa uasi waliotawala mji walimkasirikia. Mwezi wa Februari 2000 wakamfukuza, wakamrudisha Butembo kama mfungwa. Alirudi Bukavu mwezi wa Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule.

Watu wengi wanaikumbuka barua hii kwa sababu ya maneno yake juu ya watu wa nje. Twasema kwa heshima: wanakumbuka nusu. Katika barua ile ile Askofu anawaonya Wakongomani wanaomsaliti ndugu yao kwa dola kumi au ishirini. Anasema juu ya dhambi zetu. Na mwisho hawaiti Wakristu kwenye kisasi, bali kwenye Msalaba: ubaya ukizidi, upendo uzidi zaidi. Anayesoma sehemu ya kwanza na kuacha ya pili amefanya barua ya Noeli kuwa mkuki. Kosa hilo si la mwandishi. Ni letu sisi wasomaji.

Kwa nini twasema hivyo kwa ukali? Kwa sababu hapa Burungu neno «mtu wa nje» ni neno la hatari. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi za Rwanda katika milima ya Masisi. Watoto wao walizaliwa hapa, na wajukuu wao pia. Mwaka 1993 vita ya kabila ilianza upande wa Walikale, ikapanda mpaka kwetu. Na si mbali na hapa, Mokoto, ambapo watawa Watrapisti walikuwa wamejenga monasteri tangu mwaka 1954, Watutsi wengi walikimbilia ndani ya nyumba ya Mungu. Tarehe 12 Mei 1996 walishambuliwa pale pale, na wengi wakauawa. Tusijidanganye kwamba wauaji wote walitoka mbali. Nchi hii ilikuwa imekwisha kubatizwa. Vitabu vya sala vilikuwamo nyumbani mwetu. Tulivisoma, lakini labda hatukukubali vitusome sisi.

Basi, matumaini ya barua hizi ni nini? King aliuawa mwaka 1968. Kataliko hakumaliza hata mwaka mmoja baada ya kuandika. Mwaka 2023 vita ilifika tena Kitchanga, na njia zikajaa mama wenye watoto mgongoni na masufuria kichwani. Mtu akisema kwamba matumaini ni kuona mambo yakienda vizuri, barua hizi zimeshindwa. Lakini mkulima hasemi shamba limekufa kwa sababu aliyepanda amezikwa. Waandishi hawa waliamini kwamba moyo wa mtu waweza kugeuka, hata moyo wa Askofu, hata moyo wa jirani aliyetuumiza, hata wetu. Hayo ndiyo matumaini ya Kikristu, na Durick ni shahidi.

Twatoa shauri moja. Barua hizi zisibaki kwa Kifaransa na Kiingereza mikononi mwa wenye kusoma sana. Makatekista na walimu wazitafsiri kwa Kiswahili chepesi, zisomwe katika shirika, kipande kwa kipande, mpaka mwisho bila kuruka kitu. Na siku ile tunapofika penye dhambi zetu wenyewe, jirani wa kabila lingine awe ameketi pamoja nasi. Kama hayupo, msomaji asimame kwanza, tukamwite.