Jahazi la Kushonwa Kwenye Kiplefti

Qur'ani Tukufu inapoitaja safina ya Nabii Nuhu (A.S.) yatumia neno "dusur": misumari, na wengine husema ni kamba za kushonea mbao. Kwa kushona huko liliundwa Sur, Omani, jahazi "Sohar" mwaka 1980, kwa kamba za makumbi. Tim Severin akalifikisha Uchina 1981. Kazi hiyo naisifu. Lakini leo limesimamishwa Maskati kwenye kiplefti, magari yalizunguka! Hilo ni pambo, si hifadhi. Elimu imo mkononi mwa mshonaji, na kiplefti hakisomeshi mwanafunzi. Nasi mtepe wetu wa Lamu ulishonwa vivyo hivyo. Leo mashua za jirani zetu wa Kunduchi zapigwa misumari, na makumbi hapa Tegeta twayachoma.