Pigo la Mkato

Anayeanza kujifunza mandolini ya bluegrass hutamani kasi kabla ya kitu kingine chochote. Amesikia "Raw Hide" ya Bill Monroe, mwasisi wa muziki huo, nota zikimwagika mfululizo bila mwanya wa kupumua, na moyo wake umeshatekwa. Simlaumu, maana kasi ile inasisimua kweli. Lakini nimekaa na chombo hiki kiasi cha kuthubutu kusema kwamba roho yake haimo humo. Imo katika pigo moja fupi, kavu, ambalo mpigaji hulizima papo hapo linapozaliwa, na ambalo msikilizaji halitambui mpaka siku litakapokosekana.

Mandolini ina nyuzi nane za chuma zilizopangwa jozi nne. Kila jozi hufungwa kwa sauti moja, na kutoka nene hadi nyembamba sauti hizo ni G, D, A na E, sawasawa na fidla. Wahamiaji wa Kiitalia waliifikisha Marekani mwishoni mwa karne ya 19, ikiwa na mgongo wa mviringo kama ilivyoundwa Napoli. Mwaka 1898, fundi Orville Gibson wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, alipata hataza ya mandolini ya aina nyingine, iliyochongwa uso na mgongo kwa mfano wa fidla. Mwaka 1922, chini ya uangalizi wa Lloyd Loar, kampuni yenye jina la Gibson ikatoa modeli ya F-5: uso wa sprusi, mgongo wa mepo, na matundu mawili yenye umbo la herufi f badala ya tundu moja la mviringo. Sauti yake ilikuwa kali, yenye makali ya kupenya ukumbi.

Waliokusudiwa kuinunua walikuwa wapigaji wa okestra za mandolini, watu wa nota zilizoandikwa na kumbi za mijini. Mtindo huo ulikuwa umeshaanza kufifia. Loar aliondoka kiwandani mwaka 1924, na mandolini zenye saini yake zikatawanyika huko na huko. Moja ya ala hizo, iliyotiwa saini tarehe 9 Julai 1923, iliishia kwa kinyozi huko Miami, Florida. Hapo ndipo Monroe alipoiona katika miaka ya 1940, akainunua kwa dola 150 hivi. Ala iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa mjini ikaingia mikononi mwa mwana wa mkulima wa Kentucky, naye akaipa kazi ambayo aliyeibuni hakuiwaza.

Monroe alizaliwa Rosine, magharibi mwa Kentucky, mwaka 1911, kitindamimba wa watoto wanane. Kaka zake wakubwa walishajichagulia: Birch alichukua fidla, Charlie gita. Yeye akaachiwa mandolini, tena akaambiwa apige nyuzi nne tu badala ya nane asije akawazidi sauti. Mama yake alifariki mwaka 1921, baba yake mwaka 1928. Mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za kijijini, akamchukua kwake. Usiku walikuwa wakiondoka kwenda kupiga kwenye nyumba za watu, mjomba na fidla yake, kijana akimfuata kwa gita. Yeyote anayetaka kujua kwa nini mandolini ya Monroe inatembea kama fidla, jibu liko katika safari hizo. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta nyimbo za mjomba, na kwa kuwa nyuzi za ala hizi mbili hufungwa sawa, alizikuta palepale.

Palikuwa na mwalimu wa pili. Arnold Shultz alikuwa Mmarekani Mweusi, kibarua wa migodi ya makaa ya mawe, hodari wa gita na fidla. Alimchukua kijana Monroe wapige pamoja kwenye ngoma za usiku, na Monroe hakuacha kumtaja hadi uzeeni. Ile huzuni ya bluzi inayopita ndani ya mandolini yake, zile nota zinazopindwa kidogo chini ya mahali pake, chimbuko lake ni huko. Shultz alikufa mwaka 1931 bila kuacha rekodi hata moja. Ongeza banjo, ambayo asili yake ni ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari na watumwa. Ongeza pia Yank Rachell wa Brownsville, Tennessee, Mmarekani Mweusi aliyepiga bluzi kwa mandolini tangu miaka ya 1920. Anayesema huu ni muziki wa wazungu wa milimani peke yao anasema nusu ya habari.

Hata kwetu Afrika Mashariki uzi mmoja unafika. Oktoba 1939, Monroe alipopanda kwa mara ya kwanza jukwaa la redio la Grand Ole Opry mjini Nashville, aliimba wimbo wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri. Santuri za Rodgers huyohuyo zilikuwa zinavuka hadi nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi miongoni mwa Wakipsigis wa Kericho nyimbo zilizoitwa "Chemirocha", jina lililotokana na jina la Rodgers, mmojawapo ukiimbwa na mabinti kwa kinubi cha kwao. Nikiusikiliza wimbo wa Rosine na wa Kericho kwa kufuatana, sioni ajabu kwamba mtu anayesema Kiswahili apende mandolini ya Kentucky.

Sasa turudi kwenye pigo.

Bendi ya Monroe, Blue Grass Boys, ilifikia umbo lake kamili mwishoni mwa mwaka 1945, Earl Scruggs alipoingia na banjo yake ya vidole vitatu, akapiga pamoja na Lester Flatt kwenye gita na Chubby Wise kwenye fidla. Banjo, fidla, gita, besi, mandolini. Hakuna ngoma. Na huu ni muziki wa mbio, wenye waimbaji wa sauti za juu na wapigaji wanaopokezana kwa haraka, kwa hiyo lazima pawepo mtu wa kuushika mwendo usitawanyike. Mtu huyo ni mpiga mandolini. Besi inapiga pigo la kwanza, mandolini inajibu pigo la pili, kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi mmoja ukishuka mwingine unapanda, na kosa la mmoja ni hatari kwa wote wawili.

Pigo hilo la mkato hufanywa hivi. Mkono wa kushoto unashika nyuzi zote kwa mshiko uliofungwa, yaani bila kuacha uzi wowote wazi. Mkono wa kulia unashuka mara moja, kwa kifundo kilicholegea, ukipita jozi zote nne kama tendo moja. Papo hapo vidole vya kushoto vinalegea. Havibanduki kwenye nyuzi. Vinaacha kukandamiza tu, na sauti inakufa. Kinachobaki ni kitu kilicho katikati ya muziki na mlio wa mti: unasikia nota kiasi cha kujua wimbo uko wapi, na unasikia kishindo kiasi cha kujua mguu uangukie wapi. Vidole vikilegea mapema mno, unabaki mkwaruzo usio na nota. Vikichelewa, sauti inaning'inia na kuvuruga pigo linalofuata. Nafasi ya kupatia ni nyembamba, na masikio ndiyo yanayoipima.

Mshiko wa kwanza wa kujifunza ni wa G, ule ambao wapigaji wa bluegrass wote wanaujua. Kidole kidogo kinakwenda freti ya 7 kwenye jozi nene, cha pete freti ya 5, cha shahada freti ya 2, na cha kati freti ya 3 kwenye jozi nyembamba. Kwa mkono mchanga huu ni mtihani. Kidole kidogo, ambacho maishani kimezoea kufuata wenzake, kinatakiwa kujinyoosha kuliko wote na kubana nyuzi mbili za chuma kwa pamoja. Kitagoma na kitauma. Ncha za vidole zitaota sugu, nazo zinahitajika. Lakini tazama zawadi iliyofichwa humo: kwa sababu hakuna uzi ulioachwa wazi, mshiko huo unahama. Usogeze freti mbili mbele, umepata A. Mbili tena, umepata B. Mwimbaji akisema koo lake leo liko chini, bendi nzima inahangaika kubadili, ila wewe unasogeza mkono na kuendelea. Sijui ala nyingine inayolipa taabu ya kidole kimoja kwa ukarimu kiasi hicho.

Nyimbo zenyewe zinahitaji subira ya namna nyingine. Nyingi zina sehemu mbili, kila moja hurudiwa, kisha zote zinaanza upya. Anayeanza apewe "Angeline the Baker" au "Soldier's Joy", nyimbo za fidla za zamani ambazo hazichoki kupigwa. Kwanza aziimbe, kwa maana asichoweza kukiimba hatakiweza kwa vidole. Kisha mkono wa kulia ufuate sheria moja bila kuivunja: kushuka kwenye pigo, kupanda katikati ya mapigo. Wengi hushughulika na vidole vya kushoto na kuusahau mkono huu, na hapo ndipo nyimbo zao zinapopoteza mwendo. Mkono wa kushoto unachagua nota, lakini wa kulia ndio unaotuambia kama aliyeshika ala ni mpigaji.

Kuna pia mtetemo, maana nota ya mandolini ni fupi mno. Ukiipiga na kuiacha, imekwisha. Katika wimbo wa polepole mpigaji huirefusha kwa kushuka na kupanda haraka juu ya jozi moja, mpaka mapigo mengi yawe sauti moja. Mtetemo mzuri hauhesabiki. Monroe alikuwa na wake, mkali wenye ukungu wa huzuni. Jesse McReynolds akaja na njia yake ya kuruka kati ya jozi tatu kwa mpango, akitafuta kwenye mandolini mtiririko wa banjo. Sierra Hull wa Tennessee, mwanamke wa kwanza kutunukiwa na chama cha kimataifa cha bluegrass tuzo ya mpiga mandolini wa mwaka, mnamo 2016, anapiga kwa usafi unaonifanya nisimamishe kazi niliyonayo. Lakini wasikilize wote hao wakati mwenzao anapopokea wimbo. Wanarudi kwenye mkato, na wanaufanya kwa moyo uleule.

Hili ndilo linalonifanya niusifu ufundi huu kuliko mwingine ninaoujua. Katika duara la wapigaji wa bluegrass kila mmoja hupewa zamu yake, na zamu ni fupi. Katika wimbo wa dakika tatu mpiga mandolini huenda akaongoza kwa nusu dakika. Muda wote uliobaki anawahudumia wengine. Mwimbaji akianza ubeti, mkato unashuka usimfunike. Banjo ikichukua zamu, unakazwa kidogo. Gita likiongoza, ambalo sauti yake ni ndogo, mkato unakuwa mnong'ono tu au unanyamaza. Hakuna kitabu kinachoweza kukuandikia haya yote. Yanajifunzwa kwa kukaa karibu na wanaojua na kutega sikio.

Novemba 1985 mtu aliingia nyumbani kwa Monroe na kuivunjavunja F-5 yake kwa chuma cha kuchochea moto. Fundi Charlie Derrington alikusanya vipande, vingine vyembamba kama vijiti vya kiberiti, akaviunganisha kimoja kimoja, na mapema mwaka 1986 akairudisha kwa mwenyewe. Monroe aliendelea kuipiga hadi karibu na kifo chake, mwaka 1996. Leo imo katika jumba la makumbusho ya muziki wa kantri mjini Nashville. Namheshimu Derrington sawa na mpigaji yeyote. Naye alifanya kazi ambayo mafanikio yake ni kutosikika.

Anayetaka kuanza asisubiri ala ya kifahari. Mandolini ya aina ya A, isiyo na mapambo, inafanya kazi ileile ikiwa shingo yake imenyooka na nyuzi zake haziko juu mno. Mpiga fidla anayefunga nyuzi zake kwa G, D, A na E ana nusu ya safari mkononi tayari. Na ninyi mnaosema Kiswahili mlioko Louisville na Lexington, wengi wenu kutoka Kongo, mnaishi jirani na chimbuko lenyewe. Rosine ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Louisville, na pale kuna ghala la zamani ambako wapigaji hukusanyika Ijumaa jioni. Nendeni mkasikilize. Mtazameni mkono wa kulia wa mpiga mandolini wakati ambapo si zamu yake, kisha tafuteni mtu mmoja mwenye gita mwanze naye polepole, kwenye G.