Arua Si Kituo cha Njiani

Filamu ya Bobi Wine: The People's President ilitoka 2022, na mwaka 2024 ikafika mpaka kugombea Oscar. Imesifiwa sana, na inastahili. Lakini siye wenye kukaa huku Midia tuna swali letu: Arua iko wapi ndani yake?

Sifa kwanza. Moses Bwayo, aliyeiongoza pamoja na Christopher Sharp, ni mwandishi wa habari wa Uganda. Kazi hii ilimfanya akamatwe, akapigwa risasi ya mpira usoni, mwishowe akakimbilia Marekani na mke wake. Yaani, mkimbizi kama siye. Kila polisi wanaposogea, unajua kwamba na mwenye kamera anaweza kubebwa.

Shida ni kwamba filamu inamfuata mtu mmoja. Arua inakuwa kituo tu, gari linapita. Kumbe siku ile, tarehe 13 Agosti 2018, ilikuwa na watu wengi. Ilikuwa mwisho wa kampeni za uchaguzi mdogo, kujaza kiti cha mbunge Ibrahim Abiriga aliyeuawa Juni. Serikali ikasema msafara wa Rais umepigwa mawe. Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, akauawa kwa risasi ndani ya gari. Herbert Zziwa na Ronald Muwanga wa NTV wakakamatwa wakiwa kazini. Mikononi walikuwa na maiki na kamera, si mawe. Watu 33 wakashtakiwa uhaini kule Gulu. Mmoja wao, Kassiano Wadri, alikuwa mgombea mwenyewe. Alishinda akiwa bado kizuizini!

Hapo ndipo ningetaka kamera ikae. Mtu aliyeona jeshi mjini Jumatatu, halafu Jumatano akapanga foleni kupiga kura, huyo naye alipinga. Hakupiga kelele, hakurusha kitu. Filamu inayotafuta shujaa inampita.

Siye wakimbizi kura hatuna, na tunaambiwa siasa si zetu. Sawa. Lakini macho tunayo. Kama ulikuwa sokoni Arua wiki ile, andika ulichoona: siku, saa, barabara. Jina la jirani lifiche, tarehe usiifiche. Bwayo hawezi kutuandikia yote, na wale wa NTV walinyang'anywa nafasi ya kumaliza ripoti yao.