Hariri, Pakua, Chapisha: LibreOffice Mezani kwa Mwandishi wa Nyanda za Juu

Wengi wanaoandika hadithi na mashairi huku Mbeya na Iringa hawajawahi kununua programu ya kuandikia, na sidhani kama wote wanajua kwamba huwa inauzwa. Unanunua kompyuta ya mtumba pale Kabwe au Miyomboni, fundi anakuwekea Windows, anakuwekea na Office iliyokrakiwa, unamlipa ufundi wake, kazi imekwisha. Kwa hiyo mtu akija kukusifia LibreOffice kwamba ni ya bure, hajakuambia kitu. Ya kukraki nayo ni ya bure. Mimi naipendekeza kwa sababu nyingine kabisa, na nitaikosoa pia, maana ndani ya programu hii kuna maandishi ya Kiswahili, na maandishi yana haki ya kuhakikiwa kama riwaya yoyote.

Tuanze na ukoo wake. LibreOffice ilizaliwa Septemba 2010, baada ya wajitolea waliokuwa wakitengeneza OpenOffice kujitenga na kuanza upya. Hiyo OpenOffice ndiyo iliyowahi kuvalishwa Kiswahili hapa hapa nyumbani. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, ulitoa toleo lililoitwa Jambo OpenOffice. Menyu, maonyo, vitufe, vyote Kiswahili. Leo ukiwauliza wanafunzi wa fasihi kuhusu Jambo OpenOffice watadhani unawatania. Ni tafsiri kubwa ya kazi ngumu, inayostahili uhakiki.

Na kwa kweli Kiswahili cha kompyuta kina mambo matamu. Chukua "hariri". Mshairi akiliona neno hilo juu ya ukurasa anaweza kufikiria kitambaa kabla ya kufikiria kazi, na si vibaya, kwa sababu kuhariri vizuri ni kulainisha. Chukua "pakua" na "pakia". Waliochagua maneno haya hawakubuni chochote: waliokota neno la bandarini ambalo pia ni la jikoni, wakalipa kazi ya tatu, na halihitaji maelezo. "Kivinjari" nacho kimekaa vizuri, maana kuvinjari ni kuzungukazunguka huku na huku, jambo ambalo ndilo tunalofanya mtandaoni saa nane za usiku.

Lakini "chapisha" linanipa taabu. Programu nyingi zimelitumia kwa maana ya kutoa maandishi kwenye karatasi. Nenda steshenari yoyote karibu na chuo, Mbeya au Iringa: "kuchapa" ni kupiga herufi, "kuprinti" ni kutoa karatasi, na bei zimebandikwa ukutani tofauti. "Kuchapisha" ni kazi ya gazeti na mchapishaji wa vitabu. Mwandishi wa habari akibonyeza "chapisha" kwenye habari ambayo mhariri hajaiona, moyo lazima umruke kidogo. Mtafsiri alikaa na kamusi. Angekaa na yule dada wa steshenari angepata neno lenye watu.

Hivi kwa nini maneno hayo mengi hayakushika? Si kwamba ni magumu. "Kishikwambi" ni gumu kuliko yote, na bado lilienea nchi nzima baada ya sensa ya Agosti 2022, kwa sababu lilikuja likiwa limeshikwa mkononi. Karani alikuja nyumbani nacho, baadaye walimu wakapewa, neno na kitu chake vikaingia mlango mmoja. Menyu ya Kiswahili haikupata bahati hiyo. Lugha ya kompyuta yako anaichagua fundi, ndani ya dakika tatu za kusakinisha, naye anachagua Kiingereza kwa sababu ndicho alichozoea. Ukiibadilisha mwenyewe kwenye LibreOffice utakuta tafsiri haijakamilika: unaanza na Kiswahili, ukishuka menyu mbili tatu unaangukia Kiingereza. Inachosha macho, siwezi kuificha.

Hata hivyo, kinachonifanya nimwambie kila mwandishi aisakinishe ni kamusi yake ya kusahihisha tahajia. Ukiandika Kiswahili ndani ya programu iliyowekwa Kiingereza, ukurasa mzima unavuja damu kwa mistari myekundu. Unaandika "Barua i wapi?" yenyewe inaikuza hiyo "i" kuwa herufi kubwa, ikidhani unajitaja kwa Kizungu. Matokeo yake watu huzima ukaguzi wote. Hapo ndipo "zarau" na "zambi" zinapopita salama hadi kwenye kitabu kilichogharamiwa na mwandishi mwenyewe, nakala mia tano, za kuuza kwa marafiki na kanisani. Makosa hayo hayarekebishiki tena, na msomaji anamdharau mwandishi kwa kosa ambalo mashine ingelikamata.

Kamusi ya Kiswahili ya LibreOffice, iliyoandaliwa na Jason Githeko wa Kenya, inakamata mengi ya namna hiyo. Injini inayoiendesha inaitwa Hunspell, na ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya lugha ya Hungaria, lugha ambayo nayo hurefusha maneno kwa viambishi. Hilo si jambo dogo. Kitenzi chetu kimoja, ukipanga nafsi sita, nyakati nne na watendwa sita, kinakupa maumbo zaidi ya mia moja kabla hujagusa ngeli wala kauli. Usishangae basi "hawakutuandikishia" ikipigwa mstari. Kuna udhaifu mwingine mbaya zaidi: programu hukagua neno mojamoja. Ukiandika "ana kuja" badala ya "anakuja" itanyamaza, kwa kuwa "ana" ni neno na "kuja" ni neno. Na kosa hilo la kutenganisha viambishi, jamani, ndilo linalotumaliza. Jicho la binadamu bado linahitajika.

Faida yake kubwa ni kwamba kamusi hiyo ni faili la maandishi ya kawaida. Unaweza kulifungua, ukalisoma, ukaona nini kimesahauliwa. Nimekwisha kuongeza "ulanzi" na "vinyungu" kwenye kamusi yangu binafsi, maana huwezi kuandika hadithi ya Iringa ukaviogopa vitu hivyo viwili. Ukiwa na Office ya fundi, unachoweza kufanya zaidi ya kuongeza maneno yako ni kusubiri watu wa Marekani wakukumbuke.

Kwa wenzangu wa redio kuna Audacity, nayo ya bure, ya kurekodi na kukata sauti. Kuondoa kelele inajua: unaionyesha sekunde chache za kelele tupu, nayo inazipunguza kwenye mahojiano yote. Mvua ya Mbeya juu ya bati inaiweza, kwa sababu ni mfululizo. Bajaji inayopita Mafiati haiiwezi. VLC ya kuchezea sauti na video kila mtu anayo, tuiache.

Tahadhari za mwisho ni za kiutendaji. LibreOffice ipakueni kwenye tovuti yake yenyewe, msiichukue kwenye flashi ya mtu. Flashi za steshenari ndizo zinazogeuza folda za miswada kuwa njia za mkato zisizofunguka. Wakati wa kusakinisha chagueni njia ya kujipangia wenyewe, kisha mtie alama kwenye kamusi ya Kiswahili, kwa sababu mkibonyeza "endelea, endelea" mara nyingi haiji. Mkifungua mswada, uambieni kwamba lugha yake ni Kiswahili cha Tanzania. Na mkiutuma kwa mchapishaji mwenye Word, upelekeni pamoja na nakala ya PDF, maana majedwali na nafasi za beti hupenda kuhama njiani, na ubeti wa mistari minne ukifika na mitano atalaumiwa mshairi.